Merikebu za Vita vya 1914–1916 katika Foto za Zamani za Ziwa Letu

Ndugu wakristu, nanyi mapadri wageni mliofika kwetu Kalemie kwa sherehe ya Yubile, huenda mtashangaa kukuta katika kitabu cha parokia kurasa zenye habari za merikebu na mizinga. Kitabu cha namna hii hueleza ubatizo wa kwanza, makatekista wa kwanza, kanisa la majani na kisha kanisa la matofali. Habari hizo wenzangu wameziandika vizuri mbele ya ukurasa huu. Lakini halmashauri ya Yubile ilipowaomba wakristu wa mashirika yote walete foto za zamani zilizo nyumbani mwao, jambo moja lilionekana mara. Foto zilizo nzee kuliko zote hazikuwa za Misa wala za harusi. Zilikuwa za merikebu.

Sababu yake si ngumu kujua. Katika miaka ile mashini ya foto ilikuwa mkononi mwa watu wa aina tatu: ofisa wa jeshi, enjinia wa reli na mmisionari. Padri alipiga foto ya shule na ya watoto wa komunyo ya kwanza, akaipeleka kwa jamaa yake na kwa wakubwa wa shirika lake. Nyingi za foto hizo leo zimo Roma, katika hazina ya Mapadri Weupe. Ofisa alipiga foto ya kile alichotumwa kukilinda au kukivunja, akawagawia wenzake nakala, na nakala moja moja ilibaki kwa mpishi wake, kwa askari wake, kwa fundi wa mashini. Hivi ndivyo masanduku yetu yalivyojaa vyombo vya vita. Asiyejua vita vile hawezi kuzisoma foto hizi, kwa hiyo nitavieleza kwanza, nikipita haraka pale ambapo mambo yanajulikana na wote.

Vita vya Ulaya vilipoanza mwanzoni mwa Agosti 1914, vilifika ziwani kabla mwezi ule haujaisha. Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walikuwa na ng'ambo yote ya mashariki, pamoja na reli mpya kutoka Dar es Salaam iliyofika Kigoma mwaka ule ule wa 1914. Wabelgiji upande wetu walikuwa na merikebu moja tu ya maana, Alexandre Delcommune. Tarehe 22 Agosti 1914 merikebu ya Wadachi Hedwig von Wissmann iliishambulia na kuiharibu, na tangu hapo Wabelgiji hawakuwa tena na chombo cha kutoka nacho majini. Huko kusini, upande wa Waingereza, mwezi wa Novemba Wadachi waliharibu vyombo viwili vizee, Cecil Rhodes na Good News. Hiki cha pili kilishushwa majini mwaka 1885 kwa kazi ya wamisionari Waprotestanti wa London, na jina lake maana yake ni Habari Njema. Kilichukua Injili miaka mingi, kisha kikafa kwa bunduki ambazo hazikukihusu.

Basi ziwa lote likawa la Wadachi. Mwaka uliofuata nguvu yao ikazidi. Kiwanda cha Meyer huko Papenburg kilikuwa kimeunda merikebu kubwa, Graf von Götzen, kisha kikaivunja vipande na kuvifunga katika masanduku 5.000. Masanduku yalisafiri baharini mpaka Dar es Salaam, yakapanda reli mpaka Kigoma, na mafundi watatu wa kiwanda kile wakaunganisha yote upya. Merikebu ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Ilikuwa na urefu wa karibu mita 70, na hakuna mtu wa ziwani aliyekuwa ameona chombo cha ukubwa huo. Baadaye ilipewa mzinga wa sentimita 10,5 uliotolewa katika Königsberg, manowari ya Wadachi iliyoangamia katika mto Rufiji.

Jibu la upande wetu lilitoka mbali zaidi, na ndilo lililozaa foto nyingi kuliko mambo yote. Mwindaji wa tembo aliyeitwa John R. Lee aliwaendea wakubwa wa jeshi la maji huko London mwezi wa Aprili 1915, akawaeleza kwamba mashua ndogo zenye mbio zaweza kupitishwa nchi kavu mpaka Tanganyika. Walimkubali. Walichagua mashua mbili za mita 12, kila moja ikiwa na mzinga mdogo mbele na bunduki ya Maxim nyuma, na kiongozi wao akawa ofisa Geoffrey Spicer-Simson. Yeye alitaka kuziita Paka na Mbwa kwa Kiingereza. Wakubwa walikataa, naye akaziita Mimi na Toutou, jinsi watoto wa Wafaransa wanavyowaita wanyama hao. Kwa sisi wasemaji wa Kiswahili jina la kwanza huleta kicheko: mtu akiuliza mashua hii ni ya nani, jibu limekwisha kuandikwa ubavuni mwake.

Mashua ziliondoka Uingereza mwezi wa Juni 1915, zikateremshwa Cape Town, zikapanda reli mpaka Fungurume katika Katanga. Hapo reli yao iliishia. Kutoka Fungurume mpaka Sankisia zilikokotwa juu ya milima ya Mitumba kwa matrakta mawili ya mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu. Njia yenyewe haikuwako: watu walikata miti, wakapasua mawe na kujenga madaraja mengi yenye kuweza kubeba uzito wa matrakta. Mahali palipokosa maji, wanawake wa vijiji walileta maji kichwani kwa ajili ya mashini, maana trakta lisilo na maji ni chuma tu. Kutoka Sankisia mashua zilikwenda kwa reli fupi mpaka Bukama, zikateremka mto Lualaba mpaka Kabalo, zikachukuliwa tena na reli iliyokuwa imemalizika mwaka ule ule mpaka hapa Lukuga. Zilifika mwisho wa Oktoba. Siku chache kabla ya Noeli zilishushwa majini.

Tarehe 26 Desemba 1915 ilikuwa Jumapili. Waingereza walikuwa katika sala yao ya asubuhi wakati habari ilipoletwa kwamba merikebu ya Wadachi inakaribia. Yasemwa kwamba Spicer-Simson hakuikatiza sala. Aliimaliza kwanza, ndipo akatoa amri. Merikebu ile ilikuwa Kingani. Mapigano yalikuwa ya dakika kumi hivi, na watu wengi wa Lukuga waliyatazama kutoka vilimani. Mkuu wa Kingani aliuawa pamoja na wenzake, chombo kikatekwa, kikaletwa ufukoni kikiwa kimetobolewa, kikatengenezwa na kupewa jina jipya, Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Fifi na Mimi, pamoja na vyombo vya Wabelgiji, zilitoka kuifuata Hedwig von Wissmann. Ilizama siku ile. Kisha Wabelgiji walileta ndege nne zenye kutua majini, wakaziweka katika maji matulivu ya Tongwe karibu na Mtoa, na tarehe 11 Juni 1916 moja yao ilivuka ziwa na kutupa mabomu Kigoma. Mmoja wa marubani wale, Aimé Behaeghe, alikufa Niemba mwezi wa Desemba mwaka ule ule. Mwezi wa Julai, majeshi ya Congo yalipoikaribia reli ya Kigoma, Wadachi waliizamisha Graf von Götzen kwa mikono yao wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi, lakini mafundi waliipaka kwanza mashini zake mafuta mengi ili zisiharibike. Tarehe 28 Julai 1916 Wabelgiji waliingia Kigoma.

Sasa tuzitazame foto zenyewe.

Mtu atakayetafuta foto ya mapigano ya 26 Desemba atataabika bure. Mashini nyingi za wakati ule zilitumia vioo na zilitaka kitu kitulie, na mapigano yalikuwa mbali majini na ya dakika chache. Kwa hiyo karibu foto zote tunazoonyeshwa na kuambiwa kwamba ni za vita, kwa maoni yangu zilipigwa kabla au baada: chombo kimesimama, watu wamesimama, moshi unapanda wima. Afadhali kuzipokea jinsi zilivyo. Zile zilizo bora kuliko zote, kwa macho yangu, ni za njiani, kati ya Fungurume na Sankisia: mashua juu ya gari la magurudumu, pua yake ikielekea mlimani, nyasi zimeifunika nusu. Wengi walizijua kwa mara ya kwanza mwaka 1922, wakati Frank J. Magee, mmoja wa Waingereza wa safari ile, alipochapisha habari yake pamoja na foto katika gazeti la National Geographic huko Marekani. Kwa upande wa Wadachi mpiga foto mashuhuri alikuwa Walther Dobbertin, aliyeishi katika koloni lao la Afrika ya Mashariki na kufuata majeshi yao. Foto zake zimo leo katika hazina ya serikali ya Ujerumani. Za Wabelgiji zimo hasa Tervuren na katika jumba la jeshi huko Bruxelles.

Kuna aina nyingine ambayo familia zetu wanayo bila kujua thamani yake. Posta ya Congo ya Wabelgiji ilitoa tangu mwaka 1912 karti zenye foto ndogo upande mmoja na stempu iliyochapwa. Baada ya majeshi kuingia inchi ya Wadachi, karti hizo hizo zilipigwa maandishi juu yake kusema kwamba ni za Afrika ya Mashariki ya Wajerumani iliyokaliwa na Ubelgiji. Kwa hiyo usidanganyike: karti yenye maandishi hayo yaweza kuonyesha mahali pa Congo ambapo hapakutekwa na mtu yeyote. Maandishi yanaeleza safari ya karti, si mahali pa foto.

Makosa ya majina ni mengi ajabu, hata katika vitabu vya watu wenye elimu. Kosa la kwanza ni kuchanganya Kingani na Fifi, ambazo ni mwili mmoja wenye majina mawili. Tazama mbele ya chombo. Kingani ilikuwa na mzinga mdogo, mwembamba, wenye kupiga mbele tu. Waingereza walipoitengeneza waliweka mbele mzinga mkubwa zaidi, mkubwa hata kupita nguvu ya chombo chenyewe, maana wasema kwamba kila ulipopigwa karibu chombo kilisimama. Mzinga mnene mbele, basi ni Fifi, na foto ni ya mwaka 1916 au baadaye. Mzinga mwembamba, na chombo kinaelea bila kidonda, basi ni Kingani, na foto ni ya kabla ya tarehe 26 Desemba 1915. Hali kadhalika Alexandre Delcommune ilipomaliza kutengenezwa mwaka 1916 iliitwa Vengeur, yaani Mlipiza Kisasi. Ukisoma jina hilo ubavuni umeupata mwaka. Kwa Graf von Götzen uangalifu wazidi kuhitajiwa. Mzinga wake mkubwa uliondolewa kabla ya mwisho, ukapelekwa kwa majeshi ya nchi kavu, na wengi hueleza kwamba mahali pake pakawekwa wa mti ili kuwatisha Wabelgiji. Mti uliopakwa rangi, katika foto, ni sawa na chuma.

Na tusichanganye tena historia na sinema. Mwandishi Mwingereza C. S. Forester alitunga hadithi yake ya The African Queen mwaka 1935 akiwa na mambo haya moyoni, na filamu ikatoka mwaka 1951. Mashua ya filamu haikupigana katika Tanganyika. Mmoja wa wakristu wetu alituletea kwa furaha foto yake iliyokatwa katika gazeti. Tulimshukuru, na tukamrudishia.

Kuhusu Graf von Götzen niongeze neno moja, maana si ya makumbusho tu. Waingereza waliiinua kutoka majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Ndiyo Liemba ile ile iliyotumiwa mwaka 1997 kuwarudisha kutoka Kigoma mpaka Uvira wakimbizi wa Congo zaidi ya 75.000. Kwa hiyo wako wasomaji wa kitabu hiki waliolala juu ya sakafu ya merikebu ya Wadachi ya 1915, wakiwa na magodoro na sufuria zao, wasijue kwamba babu wa babu zao waliikimbia walipoona moshi wake.

Sasa nafika kwenye jambo lililotutia mashaka katika halmashauri, nami naliandika kwa ruhusa ya wenye nalo. Familia moja ya parokia ilileta foto ndogo, iliyochorwa na unyevu upande wa kushoto. Wanaume saba wamesimama juu ya chombo. Wa tatu ni babu yao. Tangu zamani familia husema kwamba babu huyo alikuwa mchochea moto wa Fifi, na kwamba alipigana pamoja na Waingereza na Wabelgiji. Tulitaka kuiweka mahali pa kwanza katika maonyesho. Ndipo mmoja wetu alipotazama mzinga. Ulikuwa ule mwembamba. Chombo kinaelea kizima, na vilima vilivyo nyuma si vya Lukuga. Foto ni ya Kingani, chini ya bendera ya Wadachi.

Wajukuu waliposikia walinyamaza muda mrefu. Mzee wa familia akauliza: je, mnasema baba yetu alikuwa adui? Hakuna aliyesema hivyo, lakini swali lilikuwa mezani. Nami nadhani laweza kujibiwa kwa haki. Watu wa ziwa hili hawakuligawanya ziwa. Waliliona kuwa njia. Mtu alioa ng'ambo, aliuza dagaa na chumvi ng'ambo, alitafuta kazi mahali palipokuwa na kazi. Mpaka uliotiwa katikati ya maji uliandikwa Ulaya. Mtu aliyejua kuchochea moto wa mashini alikwenda kwenye mashini, na mashini zilikuwa Kigoma. Kingani ilipotekwa kulikuwako ndani yake watu weusi wa kazi, ambao majina yao sikuyakuta katika kitabu chochote. Waweza kabisa kuwa babu huyo alichochea moto wa Kingani mwezi wa Novemba na moto wa Fifi mwezi wa Februari, mbele ya tanuru ile ile, kwa jembe lile lile, na mambo mawili yanayosemwa na familia na foto yakawa kweli pamoja. Kuna kanuni katika kazi hii: foto haishindi ushuhuda wa watu kwa sababu tu ni foto, lakini ushuhuda nao lazima ukubali kuulizwa. Familia ilifikiri siku nane, wakarudi kusema foto itundikwe, na chini yake yaandikwe majina yote mawili ya chombo. Jina la babu wataliandika wao wenyewe.

Wengine hawana hata mzozo wa namna hii, maana hawana jina la kuzozania. Nyuma ya foto za safari ya Mitumba wameandikwa maofisa mmoja mmoja, cheo na herufi za jina, na hata matrakta yametajwa. Wakokotaji wa kamba ni »wenyeji«. Wale wanawake wa maji sijawaona katika foto hata moja, ingawa bila wao mashua zingebaki mlimani. Ningetoa foto kumi za mizinga kwa moja ya mitungi ile. Tukumbuke pia kwamba miaka ile ile, kusini kwetu, Stefano Kaoze alikuwa akimaliza masomo yake. Alipewa upadri Baudouinville, yaani Moba, tarehe 21 Julai 1917, padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati hizi. Vita vyenye mashua mbili vilipigiwa foto kutoka London mpaka Lukuga. Mwanzo wa mapadri wetu wenyewe ulipata wapiga foto wachache.

Wazee walioweza kunyosha kidole na kusema »huyu ni fulani« wamekwisha kufa wote. Kilichobaki ni karatasi, nayo karatasi ina maadui. Uasi wa 1964 uliteketeza mengi. Maji ya ziwa yaliyopanda mwaka 2021 na tena 2024 yaliingia katika nyumba za ufukoni, na masanduku yaliyokuwa chini ya vitanda yalilowa. Tena kuna ununuzi: huko Ulaya karti na foto hizi huuzwa kwa mnada, na kijana mwenye shida ya karo hawezi kulaumiwa akiuza. Ombi langu kwake ni moja. Kabla ya kuuza, ailete foto katika ofisi ya parokia ipigwe nakala pande zote mbili, na aketi na mama yake au shangazi yake waandike lolote wanalolijua. Foto iliyokwenda Bruxelles bila maneno hayo ni mashua na mlima tu.

Kwa wanaozitunza nyumbani: msizifunge katika plastiki, maana unyevu wetu huoza ndani yake, bahasha ya karatasi kavu yafaa, mbali na sakafu. Msizibandike kwa gundi wala utepe. Msioshe kioo cha foto, hata kikiwa kichafu namna gani. Andikeni nyuma kwa kreyo, si kwa wino, na andikeni kidogo kidogo pembeni.

Nanyi mapadri wageni, hasa mnaotoka Mpala, Moba, Kirungu na misioni nyingine za ufuko huu: tazameni, tafadhali, katika makabati ya sakristia na chini ya vitabu vya ubatizo vya kati ya 1914 na 1920. Mara nyingi foto ilitumiwa kama alama ya ukurasa. Tumetayarisha meza katika sala ya parokia pamoja na mashini ya kupigia nakala, na katibu wa halmashauri atakuwa hapo kila siku ya sherehe baada ya Misa ya kwanza mpaka saa sita. Foto asilia hurudi mkononi mwa aliyeileta siku ile ile.